Kioo cha Mama Dafroza

Jumatatu, 6 Mei
Sala, chai, kioo. Vita vimefunga barabara ya Kizuka, na binti yangu Dafroza yuko huko kilimani pamoja na watoto wake. Nimeuelekeza mwanga wa jua kwenye michikichi yake, kama tulivyozoea: asubuhi mimi husema, alasiri jua likigeukia ziwani yeye hujibu. Miale mitatu maana yake shukeni, boti ipo. Boti ya Kigoma itaondoka hapa Gatete Ijumaa. Hakujibu. Naogopa.

Jumanne, 7 Mei
Kosa ni langu. Jana nilikiegemeza kioo kwenye jiwe, nikafumba macho kusali rozari. Jua halingoji rozari. Mwanga ulihama, ukaangukia mihogo ya watu. Leo nimerudia. Jirani yangu Zaina, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alicheka: "Mzee, toka asubuhi unajitazama tu. Unatafuta bibi?" Nilimwomba radhi kwa kumwangazia machoni. Kilima kimya.

Jumatano, 8 Mei
Askari alikuja.
"Mzee, iko nani kule unamuongelesha?"
"Mtoto wangu, bwana."
Akakiponda kioo kwa buti, akanionya nisirudie. Nilimshukuru kwa kunitembelea, nikamwomba anisamehe, kwa kuwa nitarudia.

Alhamisi, 9 Mei
Uniwie radhi, Mama Dafroza. Nimekiteremsha kioo chako cha ukutani, ambacho sikukigusa tangu tukuzike. Nimekwangua rangi ya mgongoni, tundu kama punje ya haragwe, nipate kuchungulia. Mbele nikasimika kijiti, ncha yake sawasawa na nyumba ya binti yetu. Kivuli cha tundu kikitua nchani, mwanga umefika. Kikiteleza, nakisogeza kioo. Nilisali macho wazi. Kofia mbele ya kioo, kofia chini: miale mitatu, tena mitatu. Askari walipopita niliwaamkia, sikuacha.
Alasiri, michikichini, mwale mmoja mrefu. Amepokea.

Ijumaa, 10 Mei
Wamefika alfajiri, matope hadi magotini. Watoto wamekula ugali na ndagala wa Zaina. Dafroza alitaka nipande nao. Kioo chake amemwachia jirani yake Veronika, ambaye mumewe hawezi kutembea. Niliwabariki, nikawaomba radhi kwa kubaki. Boti imeondoka bila mimi.
Alasiri kilima kiliwaka mara moja, kwa ufupi. Veronika anajifunza.
Nimekifuta kioo. Kijiti bado kimesimama. Asubuhi nitamjibu.