Nilimficha Hooyo Mwezi, Nikajifungulia Bura

Eedo Jawahir, shangazi yetu wa gazetini,

Pokea salamu zangu za mapenzi kutoka Bura ya Fafi, ambako mimi na mume wangu tunausoma ukurasa wako kila Ijumaa, yeye ananisomea nami namimina chai, na leo mwenye tatizo ni mimi, naomba usinicheke, ingawa kusema kweli mwenyewe nacheka na kulia kwa pamoja hapa ninapoandika kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili umembeba Mulki, binti yangu wa siku ishirini na mbili, mashallah, mwenye nyusi za baba yake.

Nianze na huyo baba yake, maana bila yeye hutalielewa kosa langu. Abdisalam alinioa mwaka jana, miaka mitatu baada ya mimi kumaliza kidato cha nne Garissa. Ni daktari wa mifugo, anazunguka na pikipiki akidunga ngamia sindano, na jioni akirudi huniita jina langu tangu langoni kama mtu aliyekuwa amelipoteza akaliokota njiani. Ananiletea maziwa, ananiletea habari za malishoni, siku moja aliniletea ua la mgunga lililokwisha kupukutika mfukoni, nami nikalihifadhi hivyo hivyo.

Sasa, Eedo, desturi yetu unaijua, mimba ya kwanza msichana hurudi kwa mama yake kujifungua na kukaa huko hadi arobaini itimie, mume anabaki. Hooyo, yaani mama yangu, Ramlo, anauza maziwa Garissa mjini, na tangu nilipomwambia nina mimba alikipaka rangi chumba changu cha zamani, akanunua kondoo akamfunga nyuma ya nyumba anenepe, na kila akipiga simu huuliza, "Ilhan, ni mwezi gani?" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikizihesabu zile siku za kuwa mbali na Abdisalam na kuziona hazivumiliki, basi nikamtajia mwezi unaofuata ule wa kweli. Mama mkwe wangu, Qali, alipouliza mbona kwetu hawaji kunichukua, nikamwambia hooyo ameridhia nijifungulie hapa. Uongo wangu wa kwanza ukazaa wa pili kabla mimi mwenyewe sijazaa.

Lakini usidhani nilikwenda gizani. Kliniki sikukosa hata mara moja, na mkunga wetu Kaaha ni muuguzi mstaafu aliyezalisha hospitalini miaka ishirini na mitano, ana cheti, ana mkoba wa glavu na kipimo cha presha. Alinipima, akamwambia Abdisalam mbele yangu, "Uchungu ukianza, gari lenye mafuta lisimame mlangoni mpaka mimi niseme liondoke. Nikisema twende, sitaki kikao cha wazee. Tunakwenda." Abdisalam akaazima gari la jirani.

Uchungu ulinishika Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, nikazunguka ua mzima nimeshika bega la mama mkwe, jua likapanda, tukaingia ndani. Mama Qali akaleta chetezo cha ubani, Kaaha akakitoa nje: "Mtoto azaliwe kwanza, mtamfukiza baadaye!" Mama mkwe akakaa nyuma yangu kwenye kigoda, nikamwegemea kifuani, na Kaaha ananiambia, "Pumua kama unayepuliza makaa, abaayo, dada yangu, usisukume bado." Abdisalam alikuwa nje ya mlango anasoma Kurani sauti inatetemeka, mama yake akamtupia neno: "Wewe! Umezalisha ngamia wangapi? Leo sauti imekwenda wapi?"

Akajibu kutoka huko, "Hooyo, hao ngamia sikuwaoa!"

Nilicheka, Eedo, wallahi, nilicheka katikati ya uchungu, na Kaaha akasema, "Cheko zuri hilo, sasa sukuma nalo," nikasukuma, na kabla ya adhuhuri Mulki akatoka amekunja ngumi, analia kwa hasira kama aliyedhulumiwa, akalazwa kifuani mwangu angali na unyevu. Sijawahi kujiona mkubwa vile. Niliona kama nimeshinda vita ambavyo hakuna aliyeumizwa. Abdisalam akaingia, akamwadhinia sikioni, lakini alipofika katikati alishindwa, ikabidi aanze upya.

Ndipo Mama Qali, kwa furaha yake, akampigia hooyo simu, sauti imefunguliwa chumba kizima kisikie. "Hongera, Ramlo! Tumepata binti!"

Hooyo akauliza, "Binti wa nani? Mimi nimepanga gari la wiki ijayo nije kumchukua Ilhan."

Mama mkwe akanitazama, akanishikisha simu. "Ilhan," hooyo akasema, "ulinihesabia mwezi wa uongo?" Nikamkumbatia Mulki. Akasema, "Alhamdulillahi mko hai," akakata.

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Siku ya saba tulipochinja na kumpa Mulki jina, hakuja. Siku ya tisa gari la Garissa likaleta kopo la nyirinyiri, nyama aliyoikaanga mwenyewe kwa samli, naijua iliki yake, lakini hapakuwa na barua wala salamu, dereva alisema tu, "Ni ya mzazi." Nimeila yote, kila tonge na chozi.

Abdisalam anataka kutuma wazee watatu na ndama wakamwombe radhi. Mama Qali, ambaye amenisamehe lakini kila nikimwambia saa anakwenda kuiangalia mwenyewe, anasema mzazi hatoki kabla ya arobaini. Mimi nataka kupanda gari kesho asubuhi. Nina furaha ya kujaza kisima, Eedo, lakini hooyo hajambeba mjukuu wake. Nifanye nini?

Ilhan, Bura


Ilhan mwanangu,

Karibu Mulki duniani, na hongera kwako. Umezaa vizuri, mikononi mwa mtu anayeijua kazi yake, na gari mlangoni. Kaaha huyo mwombeeni dua. Mumeo naye, mwambie nimecheka mpaka chai yangu ikapoa.

Nimemaliza kukusifu. Sasa kaa vizuri nikugombeze. Kujifungulia nyumbani na mkunga hodari hakukuwa kosa lako, ingawa kwa mimba ya kwanza mimi ningekutaka karibu na hospitali kubwa, na Kaaha mwenyewe atakuambia hivyo. Kosa lako ni kumpa mama yako mwezi wa uongo. Kama damu ingekataa kusimama, Ramlo angeipokea habari hiyo akiwa sokoni, anapima maziwa, akidhani bado ana wiki kadhaa. Hilo ulilifikiria wakati unahesabu siku za kumkosa Abdisalam? Hukulifikiria. Ungemwambia, "Hooyo, siwezi kuachana na mume wangu," angekutania mwaka mzima, kisha angepanda gari akaja kukushika mgongo mwenyewe. Yeye pia aliwahi kuwa bibi harusi.

Kesho husafiri. Mnyonyeshe mtoto, pumzika, Kaaha aje akuangalie. Safari yako pekee kwa sasa ni kliniki, kama Mulki bado hajachanjwa, kwa sababu chanjo haingoji arobaini. Abdisalam, badala ya kukusanya wazee, aende kwa naibu wa chifu akaandikishe kuzaliwa kwa mwanawe. Wazee hao watatu waache wanywe chai yao. Wao huitwa kwa mahari na kwa visima. Hili ni neno la mama na binti yake, na ndama hawezi kulisema.

Unasema kopo lilikuja bila salamu. Ilhan! Mwanamke aliyekukasirikia akasimama jikoni, akakata nyama vipande vidogo, akaikaanga kwa samli, akatia iliki, akatafuta gari la Bura! Unataka salamu gani nyingine? Mtu aliyekukata moyoni hakupikii chakula cha uzazi. Amekasirika, lakini anakulisha.

Basi sikia. Siku ya arobaini mzazi hutoka nyumbani kwake akaingia nyumba nyingine. Nyumba utakayoingia iwe ya Ramlo. Usipige simu kuomba ruhusa. Lioshe lile kopo, ujaze tende, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mtoto umbebe wewe. Ukifika, mpe kwanza Mulki, halafu kopo, halafu kabla hujaketi umtajie kwa mdomo wako mwezi wa kweli na sababu yake. Usilie mapema ukampa kazi ya kukubembeleza. Akigomba, mwache agombe hadi amalize.

Kisha ulale katika chumba kile alichokipaka rangi, kwa siku arobaini nyingine. Ndiyo, arobaini. Ulimnyima zake, mpelekee. Abdisalam atakula kwa mama yake, na Ijumaa pikipiki yake inaijua njia ya Garissa. Akifika, aliite jina lako tangu langoni kama kawaida yake, Ramlo naye asikie ni kwa nini ulidanganya.

Na yule kondoo bado yuko nyuma ya nyumba, nina hakika. Hakununuliwa kwa ajili ya mgeni.

Eedo Jawahir