Kaseti ya Balangida Jazz

Dongobesh,
20 Agosti 2024

Dada yangu Violeth,

Shikamoo dada. Ni mimi Marieta, mdogo wako, na kabla hujaikunja barua hii ukaitia jikoni, nakuomba uisome hadi mwisho, halafu ufanye utakavyo. Habari za Kahama? Shemeji Ayubu hajambo? Na Safari, mwanao ambaye sijawahi kumpa mkono, nasikia naye sasa ni baba wa mtu. Hongereni sana. Huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama yuko Getanuwas kwenye nyumba ileile. Magoti yanamsumbua, lakini masikio yake ni makali kuliko yangu, na ulimi ndiyo usiseme. Mbaazi zimekubali. Baridi ya mwaka huu imetukomesha, hata mume wangu Hermani, aliyekuwa akijisifu kuoga maji ya kisima alfajiri, siku hizi anaomba yachemshwe.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati dunia nzima ina simu. Namba yako ninayo, Samira wa dukani Katesh alinipa. Nimekupigia mara tatu, na mara zote umeisikia sauti yangu ukakata. Sikulaumu. Ningeweza kukutumia ujumbe, lakini najijua: ningeandika mistari miwili, nikatuma, nikazima simu nikajificha shambani. Karatasi hainipi pa kukimbilia. Dada, nataka uje nyumbani mama akiwa hai. Hilo ndilo ninalolitafuta na sitaki jingine. Najua una miaka ishirini na saba hujakanyaga Getanuwas, na najua kila anayekuuliza unamjibu kwamba ulimtumia baba sauti yako, akaisikia, akanyamaza. Siwezi kukuomba uje kabla sijakueleza habari ya hiyo sauti, na habari yenyewe inaanzia kwa Balangida Jazz.

Unawakumbuka? Utawasahauje, wewe uliyenifundisha kucheza nyimbo zao nyuma ya zizi, tukipokezana kuchungulia kama baba anarudi kutoka kanisani. Ulipoondoka na Ayubu, baba akasema mbele ya wazee wenzake wa kanisa kwamba binti aliyefuata mume wa dini nyingine asirudi kwake, mimi nilibaki na redio na nyimbo zile. Kila nikizisikia nilikuwa na wewe. Basi mwezi uliopita gari la matangazo lilipita hapa Dongobesh na spika zake: Balangida Jazz wanarudi jukwaani baada ya miaka mingi, uwanja wa mpira Katesh, Jumamosi tarehe kumi, saa nane mchana. Nilikuwa nachambua vitunguu swaumu. Nikaviacha vilevile, nikaingia ndani nikakaa kitandani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Hapo nilikata shauri la kwenda, na wakanishukia wote. Hermani alicheka hadi akakohoa, akaniuliza bibi wa wajukuu watatu anatafuta nini dansini. Wanawake wenzangu wa kanisani hawakucheka, maana siku hizi mimi ndiye mzee wa kanisa, nakaa kiti alichokuwa akikaa baba. Rogathe, mwenyekiti wetu, alinijia nyumbani kwa upole wote akanikumbusha kwamba vijana wananitazama. Nilimwambia wakitaka kunitenga wanitenge, njia ya kurudi kundini naijua, kila mwaka mimi ndiye ninayewasimamisha wengine pale mbele. Alinyanyuka bila kumaliza chai. Ilikuwa jeuri, nimeshamwomba radhi, lakini kwenda nilikuwa naenda.

Ijumaa nililala kwa mama. Nilimweleza wazi ninakokwenda, nikingoja anifokee. Akasema baba angekuwa hai angemlaumu yeye kwa kuniruhusu, kisha akaniuliza kama nimebeba sweta.

Katesh ungepotea. Tangu lile tope lishuke mlimani mwaka jana, kuna nyumba hazipo kabisa, na duka la Samira limejengwa upya sehemu ya chini. Yeye mwenyewe alifunga duka tukaenda pamoja. Bendi wamebaki wawili tu wa zamani: Alfredi wa besi, amenyooka vilevile kama mlingoti, na Qamara mwimbaji, ambaye waliingia naye wakimshika mkono wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Wengine wote ni watoto wao. Nyimbo mbili za kwanza sauti ya Qamara ilikuwa inakwaruza, nikaona haya kwa niaba yake. Wimbo wa tatu koo likafunguka. Dada, ni yeye! Tulicheza, wazee wazima, na sweta zetu, mpaka wauza mahindi wakaacha majiko yao kuja kutuangalia.

Mwisho wakapiga ule tulioupenda, Usiku wa Mavuno. Lile gita la solo lilipoanza nilishika mkono wa Samira. Niliimba kila neno. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, wengine wakarusha kofia, na mimi nikasimama kimya nimeinua kichwa, nikisubiri sauti yako. Nilisubiri kabisa. Makofi yakatulia, Qamara akanywa maji, na wewe hukusema kitu. Samira aliniuliza kama naumwa, maana machozi yalikuwa yananitoka. Kwa miaka ishirini na mitano, kila nilipousikia wimbo huo, ukiisha tu unaongea wewe. Siku ile nilielewa kwamba mahali pengine popote duniani wimbo ule una mwisho wake, ila kwangu hauna.

Sasa nakuambia, dada, na sitapamba.

Mwaka tisini na tisa baba alikuwa na mtoto wa jicho, hasomi tena, na hukutaka barua yako isomwe na mtu mwingine. Ukajirekodi kwenye kaseti, ukampa kondakta, ikafika dukani kwa Samira. Uliifunga kwa karatasi ya daftari, juu umeandika: Ya baba peke yake. Nilikabidhiwa mimi, Jumamosi ileile Balangida Jazz walipopiga Katesh mchana. Nilikuwa nimebeba redio ya baba nikidanganya kwamba naipeleka kwa fundi, kumbe nimekwenda kuwarekodi. Wimbo wa kwanza tu, redio ikaila kaseti yangu, mkanda ukatoka kama utumbo wa kuku. Nikawa nalia kwa hasira. Na ndani ya mfuko ninayo yako.

Nilijiambia umeongea upande mmoja, upande wa pili uko wazi, nitautumia huo. Ulikuwa umevunja vile vijino vya juu, pande zote mbili, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nilikunja karatasi nikaziba tundu. Ni karatasi gani, unajua? Nilichana ileile uliyoandika Ya baba peke yake. Nikabonyeza. Sikusikiliza kwanza, dada. Nusu dakika ingetosha, lakini Qamara alikuwa ameshashika kipaza sauti.

Kesho yake, nyuma ya zizi, nikaweka nisikilize. Nyimbo zote zilikuwa safi. Usiku wa Mavuno ukaisha, makofi yakakatika pale nilipozima kwa sababu ya mvua, na sauti yako ikaingia katikati ya kilio. Haya ndiyo maneno yaliyobaki, nayajua kama Baba Yetu: "Kama umenisamehe, baba, Jumamosi ya mnada nitapita stendi ya Katesh na basi la Singida. Mtume mtu yeyote asimame tu nimwone. Nisipoona mtu nitajua, na sitakusumbua tena." Niligeuza upande wa pili. Ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimekosea upande, nikakufuta wewe wote isipokuwa hayo.

Siku hiyo nilikuwa bado na muda. Mnada ulikuwa Jumamosi iliyofuata, baba yuko ndani anakunywa uji, ningemwambia. Lakini ndoa yangu na Hermani ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili, limebaki tangazo la tatu. Binti aliyekwenda dansini alikuwa anatengwa, wewe unalijua hilo, na tangazo langu lisingesomwa. Niliogopa. Nikaificha kaseti kwenye kihenge cha mahindi.

Hilo bado siyo baya kuliko yote. Baya ni hili, na sijawahi kulitamka kwa mtu hadi wiki iliyopita. Jumamosi ya mnada nilikwenda stendi. Nilisimama nyuma ya ukuta wa duka la Samira. Basi likaingia, nikakuona dirishani, kitambaa cha kijani kichwani, Safari amekaa mapajani mwako anakula mkate. Ulimtazama kila mtu aliyesimama pale, mmoja mmoja. Dereva alipopiga honi ulisimama kabisa kwenye kiti ili uone vizuri. Kati yangu na wewe palikuwa na hatua kama kumi. Nilijiambia akitazama huku mara moja tu, natoka. Ulitazama, na sikutoka. Basi likaondoka. Kesho yake tangazo la tatu likasomwa, na watu wakanipongeza.

Baba hakunyamaza, Violeth. Baba hakuisikia. Kila nilipotoka mnadani aliniuliza kama Samira ana salamu zako, na kila mara nilimjibu hakuna. Yule ng'ombe aliyekupa ulipopata kipaimara alikataa auzwe, na ndama zake pia. Alipokuwa anakata roho alituambia mimi na mama: "Violeth akileta neno, hata moja, mwambieni zizini ana ng'ombe wake." Neno ulikuwa umeshaleta. Lilikuwa kihengeni, hatua chache kutoka kitanda chake. Na hukuja kumzika. Ukamwambia Samira kwamba aliyeikataa sauti yako akiwa hai hana haja nawe akiwa amelala. Ndugu wote walikusema vibaya matangani, na mimi nilikuwa nagawa chai, nikaendelea kugawa.

Nilipotoka uwanjani tarehe kumi nilirudi moja kwa moja kwa mama. Kesho yake baada ya ibada nilimweleza yote, yeye akiwa anachagua maharage. Hakuacha kuchagua. Nilipomaliza alisema anataka kuisikia. Ilibidi nirudi Dongobesh kwa Onesphory, fundi simu, ambaye alinitafutia redio ya kaseti kwenye makorokoro yake siku mbili nzima. Mama aliyasikiliza maneno yako akairudisha mara nne. Nilipiga magoti nikamwomba anisamehe. Akanijibu hilo si la kwake peke yake. Halafu akafunga redio, akanitazama, akasema, "Sasa kasimame."

Hermani pia nimemwambia. Siku mbili hakuongea nami, ya tatu akaniuliza kama nauli ninayo. Kiti cha uzee wa kanisa nimekiachia mwenyewe, na Jumapili ijayo nitasimama mbele ya usharika kama wengine wote niliowasimamisha. Rogathe ameahidi kukaa benchi la mbele ili nisione macho ya watu wengi.

Lakini pale kanisani si ndipo ulipokuwa unanitafuta. Mnada ni Jumamosi, tarehe saba Septemba. Nitakuwa stendi ya Katesh tangu basi la kwanza linalotoka Singida mpaka la mwisho. Usipopita siku hiyo, nitasimama mnada wa Oktoba, na wa Novemba, mvua inyeshe au jua liwake. Huna haja ya kushuka. Huna haja hata ya kunitazama kwa wema. Wewe uliomba mtu asimame tu umwone, na mtu huyo ana deni la kusimama. Nimekutumia na kaseti yenyewe humu ndani ya bahasha. Kile kikaratasi bado kimo tunduni, sikukitoa, ni mwandiko wako.

Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba ng'ombe wako sasa ni saba, na yule mwekundu anazaa mwezi ujao. Msalimie sana shemeji Ayubu, na Safari, na huyo mjukuu ambaye sijui jina lake. Hermani na watoto wote wanawaamkia.

Utanitambua, dada. Nimenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, nitavaa sweta ya mama ya kijani. Sitakuwa nyuma ya ukuta.

Ni mimi mdogo wako,
Marieta