Baiskeli Niliyoichagua Mimi

Baba Amisi,

Nimechoka. Nakuandikia nimeketi chini, mgongo ukutani, na vyombo vya mchana bado havijaoshwa. Ungekuwapo ungenicheka. Hapa Mikelenge tuko wazima. Amisi wetu amepata kazi kwenye kampuni ya malori, na mkewe Zaina amenipa mjukuu wa tatu. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu wamefika watatu, lakini majuto yaliwatangulia.

Juzi Zaina alikuja na karatasi. Kampuni inataka kila mfanyakazi afike na mwenzake wa ndoa, wachague pamoja: matibabu ya familia, au msaada wa kujenga nyumba. Akaniuliza, "Mama, weye ungechagua nini?" Nikamjibu kwa ukali kwamba mambo ya kazi ni ya mwanamume, yeye anyamaze. Akakunja karatasi yake akaondoka. Tangu hapo sina raha.

Maana wewe uliniuliza. Wakati wa vita, treni zilipoacha kufika na tajiri wa depo ya mizigo akashindwa kuwalipa ninyi wachukuzi, alisema kila mchukuzi achague kitu kimoja: baiskeli, au barua ya kutibiwa na familia yake kwenye zahanati. Wenzako walichagua palepale. Wewe ukasema, "Ngoja kwanza niulize bibi yangu, mama ya Amisi." Wakakucheka wiki nzima kwamba unatawaliwa na mke: "Kwako mwanamuke njo mukubwa?" Ulinisimulia mwenyewe, nawe ukicheka.

Nikasema baiskeli. Watoto walikuwa wakila sombe tupu, majani ya muhogo basi, asubuhi na jioni. Ukaisukuma hadi sokoni Tunda na chumvi na sabuni, ukarudi na mchele, safari baada ya safari, na tukala. Hilo ni kweli.

Kisha homa ikakushika njiani. Tulikufikisha zahanati, wakaomba barua, nasi barua hatukuwa nayo. Tukakurudisha nyumbani. Siku ya tatu ulinishika mkono ukasema, "Mama Amisi, tulichagua sisi wawili." Jioni ile ukaenda.

Watoto niliwaambia vita ndivyo vilivyokuua. Si uongo mzima, lakini ile nusu nyingine nimeibeba peke yangu, na imenichosha kuliko shamba. Ndiyo maana nilimkaripia Zaina. Niliona afadhali asiulizwe kabisa, asije akabeba kama mimi.

Lakini nimefikiri. Wale wenzako waliochukua barua nao walizika, mmoja alizika watoto wawili kwa njaa, na mkewe hakuwahi kuulizwa lolote. Alipewa msiba tu. Mimi uliniheshimu, na ninakupenda kwa hilo mpaka leo, ingawa linauma.

Kesho asubuhi nitakwenda kwao, Amisi awepo. Nitawaambia ni nani aliyesema baiskeli, na kilichofuata. Halafu nitamwomba Zaina radhi, aende akaketi na mumewe, aseme lake. Amisi akinikasirikia ana haki. Nitamsikiliza mpaka amalize.

Lala, mume wangu. Nakuahidi, sitarudi nyumbani kabla sijasema.

Mama Amisi