Aliyenong'ona Kwenye Santuri

Faenza, 12 Januari 1997

Babu Spartaco,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, nami naliandika kwanza kabla ya salamu, nisije nikaogopa nikaliacha. Kila siku nikitoka shule huvaa visikilizio na kusikiliza zile santuri zako tatu. Unisamehe, lakini si kwa ajili ya piano. Nasikiliza minong'ono.

Sasa shikamoo, Babu. Natumaini u mzima, na kwamba upepo wa Trieste haujakubana kifua. Mimi ni Mirta, binti wa Luciana, mjukuu wa dada yako Argia. Nina miaka kumi na sita. Tumeonana mara moja tu, siku ya ubatizo wangu, na Mama anasema nilikutapikia.

Sisi ni wazima isipokuwa Bibi. Novemba alipata kiharusi. Anatembea kwa fimbo na anaelewa kila kitu, lakini maneno hayatoki. Akitaka chumvi ni "eh". Akitaka dirisha lifungwe ni "eh" hiyohiyo. Mama anakisia, na akikosea Bibi anapiga meza kwa kijiko.

Santuri zako zilikuwa juu ya kabati siku zote. Bibi hakuwahi kuzipiga. Nilimuuliza zamani kwa nini, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuzia kurasa. Chakula nilikila kikiwa cha moto, kiporo cha nini?" Baada ya kuugua kwake nyumba ilikuwa kimya mno, nikazishusha mimi.

Babu, ile sauti iliyo nyuma ya piano inataja noti. Mi, fa, sol, la. Bibi alinifundisha kusoma noti hivyo, kwa mdomo, huku mkono ukihesabu hewani: chini, kushoto, kulia, juu. Yeye akiona noti popote midomo inacheza. Kanisani aliwahi kusoma kitabu cha padri kwa juu ya bega lake, akitaja noti zote, naye akidhani amekaa kimya.

Nimesoma kwenye gazeti la maktaba kwamba kampuni ya Bologna itazitoa upya rekodi zako kwenye diski ndogo, na kwamba kwa ombi lako mafundi wataufuta kwa kompyuta "mnong'ono maarufu wa Montevecchi". Nakuomba usiwaache waufute. Huo mnong'ono si wako. Ni wa Bibi. Santuri zetu zimechakaa na ya tatu inaruka, na kwingine kokote duniani sauti ya Bibi haiko.

Mjukuu wako,
Mirta


Trieste, 20 Januari 1997

Mjukuu wangu Mirta,

Marahaba. Mimi ni mzima, kwa kadiri mzee wa miaka sabini na minne anayeishi ghorofa ya nne bila lifti anavyoweza kuwa mzima. Msalimie Luciana. Siku ile ya ubatizo suti uliyoitapikia ilikuwa ya kuazima, na mwenye suti hakucheka.

Habari ya Argia imenikalisha kitini nikiwa bado na koti mwilini. Hakuna aliyeniambia. Najua, mimi ndiye niliyeacha kujibu kadi za Krismasi. Anakula vizuri? Mkono upi umelegea? Analala? Niandikie hayo yote.

Hilo lingine tulimalize leo. Sauti ile ni yangu. Wakosoaji wa Milano na wa Roma, watu ambao hawajawahi kupatana hata kuhusu hali ya hewa, kwa hilo walipatana. Mmoja aliandika kwamba nachemka kama birika. Mwingine alisema kwamba naimba noti zisizo zangu, maana ninachonong'ona hakilingani na ninachopiga. Baada ya santuri ya pili nilijaribu kila dawa. Ya tatu niliirekodi yote, mwanzo hadi mwisho, na penseli imelala kati ya meno, kama farasi mwenye lijamu. Argia alinicheka mpaka kurasa zikamdondoka. Santuri ikatoka, na mnong'ono ukawa palepale.

Mtu ambaye mdomo wake haumsikii hata ukifungwa, vidole vyake vitamsikia? Nikaacha kurekodi, kisha nikaacha kupiga mbele za watu. Krismasi ile Argia akaniita mwoga mezani, mbele ya watoto. Nikaiacha supu ikipoa, nikapanda treni.

Sijawahi kuzisikiliza rekodi hizo na sitazisikiliza. Karatasi za kampuni nilizitia sahihi Desemba. Waache wanisafishe, mjukuu wangu. Ningependa kuzikwa nikiwa nimenyamaza.

Usiniandikie tena juu ya minong'ono. Juu ya Argia niandikie kila siku ukitaka.

Babu yako,
Spartaco


Faenza, 26 Januari 1997

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika salama na Mama aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Bado ana kiburi cha jogoo," kisha akaisoma tena. Bibi anakula vizuri, mkono uliolegea ni wa kulia, na analala kuliko sisi sote.

Umenikataza kuandika juu ya minong'ono. Mimi si mtoto mkaidi, muulize yeyote shuleni, wengi hata hawajui sauti yangu ikoje. Lakini wewe ndiye uliyetaja penseli.

Niliijaribu darasani, kipindi cha Kilatini. Niliiweka kama ulivyoeleza, imelala kama lijamu, nikajaribu kutaja noti polepole. Mwalimu wetu, Profesa Tassinari, akasimama mbele yangu, akaniita kwa jina la ukoo wa Baba. "Montanari, una njaa au unatafakari?" Nyuma mtu akasema, "Mleteeni majani!" Darasa zima likacheka, masikio yangu yakawaka moto. Lakini nilikuwa nimeshapata jibu. Huwezi kusema "mi" na penseli kati ya meno, Babu. Midomo haikutani. Inatoka "ni". Na kwenye santuri ya tatu, upande wa pili, "mi" ni safi kabisa, nimeihesabu zaidi ya mara kumi.

La pili. Sauti ile haisemi "sol". Inasema "shol". Na "si" inasema "shi". Ndivyo tunavyosema sote huku Romagna, lakini Mama anasema wewe ulinyooshwa ulimi Milano ukiwa kijana, na kwamba hata ukigombana unagombana kama mtangazaji wa redio.

Na la tatu halihusu minong'ono, linahusu Bibi, kwa hiyo nina ruhusa. Jumatano niliiweka santuri bila visikilizio. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Punguza, unamchosha!" Bibi alikuwa dirishani. Mkono wake wa kushoto ukainuka. Chini, kushoto, kulia, juu. Nikaona midomo inatafuta. Mama aliingia na bakuli la supu wakati ule ule Bibi aliposema, "Shol."

Lile bakuli lilikuwa zuri, la kwetu Faenza. Halipo tena.

"Umesemaje, Mama?" mama yangu akamuuliza.

"Shol!" akasema Bibi, kwa hasira ya mtu anayelazimishwa kurudia.

Ni neno lake la kwanza tangu Novemba. Tafadhali, Babu, sikiliza santuri moja tu. Hata upande mmoja.

Mjukuu wako,
Mirta


Faenza, 16 Februari 1997

Babu Spartaco,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita bila neno lako. Nimejiuliza kama unaumwa, au kama nimekukosea heshima. Kama ni la pili, naomba radhi kwa namna nilivyosema, ila siyo kwa nilichosema.

Bibi sasa anataja noti zote kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu. Maneno mengine bado. Lakini juzi Mama alimuuliza, "Unataka supu zaidi?" Bibi akafumba macho, akaanza: do, re, mi, akapanda ngazi nzima moja moja kama mtu mwenye mizigo, akafika juu kabisa. "Shi!" Akasimama hapo, akatutazama. Mama akacheka na kulia pamoja, maana noti hiyo, "si", kwa Kiitaliano ndilo neno la kukubali, "ndiyo" yenyewe. Ametoka kwenye noti na kuingia kwenye neno kwa mlango huo mmoja.

Sasa hahitaji tena kupanda ngazi, anaruka moja kwa moja. Shida ni kwamba "hapana" bado hana, kwa hiyo anakula kila anachoulizwa. Ameongezeka kilo.

Mwanamke mmoja wa hospitali anayemfundisha kusema amefurahi sana, akatuambia tumpigie santuri hizo kila siku. Tunampigia. Ndiyo maana zinazidi kuchakaa. Ya tatu imeanza kukwaruza mahali penye "mi".

Gazeti lilisema kampuni inamaliza kazi yake mwisho wa mwezi huu. Siandiki tena mpaka uniandikie, maana sijui kuomba zaidi ya hapa.

Mirta


Trieste, 23 Februari 1997

Mirta, mjukuu wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa ile barua ambayo sikuijibu. Siumwi, wala hukunikosea. Nilikuwa naogopa, na mtu wa umri wangu akiogopa hujifanya ana shughuli.

Mimi sina gramafoni. Nilishuka kwa jirani yangu wa chini, Bi Zora, mjane anayefuga kanari watatu, nikamwomba yake. Nikamwambia ni kazi ya kitaalamu. Akasema, "Karibu, Bwana Montevecchi, ila ndege wangu hawapendi mambo ya huzuni." Tukaiweka ile ya tatu. Niliinamisha kichwa nikisubiri aibu. Haijafika hata dakika moja, Bi Zora akageuka akaniuliza:

"Huyu mwanamke ni nani?"

Hivyo tu. Mtu ambaye hajasoma hata gazeti moja juu yangu. Nikamwambia, "Nyamaza kidogo, tafadhali." Naye: "Ninyamaze nyumbani kwangu?" Lakini akanyamaza, na kanari pia.

Ni Argia. Nilimtambua kwenye "shol" ya kwanza, Mirta, kama mtu anavyotambua hatua za nduguye kwenye ngazi. Sasa ndipo nikakumbuka kwamba fundi alikuwa ameinua kipaza sauti upande wake, juu kidogo ya bega, na mimi nilikuwa nimezama ndani ya ngurumo yangu mwenyewe. Singeweza kumsikia. Yeye hakujua kwamba anasema. Wakosoaji waliandika, nami nikawaamini, kwa miaka yote hiyo, bila kwenda hata mara moja kusikiliza. Wote tulikuwa na masikio, na hakuna aliyeyatumia isipokuwa wewe.

Yule mkosoaji aliyesema mnong'ono haulingani na piano alikuwa sahihi. Haulingani kwa sababu unatangulia. Anayegeuza kurasa lazima macho yake yawe mbele ya mikono ya mpigaji. Argia anazitaja noti kabla sijazifikia, kisha mimi nafika. Santuri nzima ni hivyo. Dada yangu anapita kwanza, nami nafuata. Nilidhani nilikuwa peke yangu pale.

Tulisikiliza zote tatu. Bi Zora akaleta sharubati—hapana, nisikudanganye, ilikuwa pombe kali ya plamu, na nilikunywa mbili.

Sasa kazi. Muda wa kampuni unaisha Ijumaa. Simu mimi sisikii tena, nikisikia nasikia nyuki. Nimeweka humu karatasi yenye sahihi yangu inayofuta ile ya Desemba. Nikiituma kwao kwa posta italala kwenye rundo la barua za ofisi mpaka Ijumaa ipite, nami kwa magoti haya siwezi kufika Bologna na kisha kwenu. Nimechagua kwenu. Nitakuja wiki ya pili ya Machi. Bologna naiweka mikononi mwako. Najua unaona haya. Hata mimi nilikuwa hivyo, ndiyo maana nilichagua chombo ambacho mpigaji huwageuzia watu ubavu.

Usimwambie Argia kwamba nakuja. Au mwambie. Anaweza tu kusema ndiyo.

Babu yako,
Spartaco


Faenza, 1 Machi 1997

Babu mpenzi,

Shikamoo. Sote wazima, nasi tunakungoja. Nilimwambia Bibi. Akajifuta uso kwa aproni na kumwonyesha Mama mfuko wa unga kwa fimbo. Mama amenunua unga mwingine.

Haya ndiyo niliyoyafanya.

Barua yako ilifika Alhamisi. Jioni ile nilipiga simu kwa kampuni, na walipopokea nikakata. Nikapiga tena nikakata tena. Mama akasema, "Niachie mimi." Nikamwambia hapana, ni mimi niliyeanza.

Ijumaa asubuhi nilipanda treni ya Bologna badala ya kwenda kwenye mtihani wa Kigiriki. Kwenye ofisi ile kuna mwanamume mmoja anaitwa Ghirelli, mwenye ndevu na kiatu kimoja kisichofungwa. Alisoma karatasi yako akapumua kwa nguvu. "Binti, kazi imeisha. Tumeisafisha, haina hata pumzi. Unajua tumetumia wiki ngapi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ndani ya treni na haikubaki hata herufi. Nikamwomba tu aniwekee kwanza ile ya asili, kisha ile iliyosafishwa. Akaweka. Ile iliyosafishwa ni nzuri, Babu, sitasema uongo, lakini kila mahali alipokuwa Bibi piano yenyewe imekonda. Ghirelli mwenyewe alisikia, niliona.

"Kwani ni nani huyu, mke wake?"

"Dada yake," nikasema. "Ni bibi yangu. Hapo alikuwa anasoma."

Akakwaruza ndevu. Akaita fundi, wakabishana, fundi akasema anaijua hiyo sauti kuliko ya mamake mzazi, maana ameifukuza tangu Desemba. Mwishoni Ghirelli akatia saini chini ya saini yako. Wataitoa ya asili. Akaniuliza jalada liandikwe nini, maana mnong'ono wa Montevecchi hauwezi kuandikwa tena. Nikamwambia aandike jina lako kwenye piano, na chini yake Argia Montevecchi, kurasa na sauti. Aliniomba nitaje herufi moja moja, nikazitaja, na hakuniambia nirudie.

Kisha nikarudi nyumbani. Nilimwambia Profesa ukweli kuhusu mtihani, na nitaufanya Jumanne. Leo asubuhi nimehamisha vitabu vyangu kutoka sebuleni, nikafagia, nikatandika kitanda cha kukunja karibu na jiko la joto, na nimeweka mito miwili kwa sababu sijui kama unalala na mmoja.

Mjukuu wako,
Mirta