Maua katikati ya ng'ombe

Jumatatu. Upepo wa Julai unapasua midomo, na mimi bado nimeduwaa tangu jana jioni. Nimekuja mpaka intaneti kafe mjini kuandika haya kabla sijaanza kudhani niliota.

Maua ni nguruwe wangu. Si wa kuchinja, nimeshasema mara ngapi. Ana miguu mifupi, tumbo linaburura chini, na ukimwita anaitika. Fisi alipokula mbuzi wa jirani kwetu Kizwite, nilimjengea banda la matofali, mlango wa bati, na kufuli. Nikajiona nimemaliza kazi.

Jana ilikuwa kipaimara cha mpwa wangu. Wageni walipoondoka nikammwagia Maua machicha ya pombe ya ulezi, bila kuyasuuza. Alikula yote.

Akalewa.

Nguruwe mlevi habebeki. Jua linazama, yeye amejilaza nje ya boma la jirani yangu Msukuma, Baba Masanja, anakoroma. Nikakimbilia toroli. Narudi, fisi amesimama karibu naye kabisa.

Wakati huohuo ng'ombe wa Baba Masanja walikuwa wanarudi kutoka malishoni. Jike la mbele likanusa, likasimama. Kisha likamwendea Maua, wengine wakafuata, wakamzunguka, pembe nje. Hakuna mtu aliyewaswaga. Fisi alijaribu upande huu, akajaribu upande ule, mwisho akaondoka. Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Baba Masanja alikuwa nyuma ya kundi, fimbo begani. Naye alikuwa ameduwaa. Alisema polepole, "Si alilala na ndama wangu alipokuwa mdogo, ile baridi kali? Kwao huyu ni ndama."

Mimi nilikuwa nimeshasahau.

Na ndio ng'ombe hao hao ninaowafukuza shambani kila baada ya mavuno. Sisi Wafipa mabua tunayafukia kwenye matuta yaoze, ndiyo mbolea yetu, kwa hiyo shamba langu nalizungushia miiba na nikiona pembe naokota jiwe. Nimewarushia mawe mengi, jamani.

Kesho asubuhi naondoa ile miiba, waingie wajilie. Matuta yangu yatakosa mabua mwaka huu.

Na yakose.