Mkwe Aliyefika Kesho Yake

Mpwa wangu Akinyi,

Barua yako nimeichukua posta Migori. Mama yako hajambo, na ng'ombe wake amezaa ndama mwenye kichwa cha profesa. Unauliza kama mjomba wako naye alishawahi kukwama nchi za watu, vile wewe ulikwama uwanja wa ndege bila sanduku. Mimi tena?

Nilikuwa naenda Shirati, Tanzania, kuposa. Lori nililopanda likavunjika ekseli. Nililiinua kwa bega moja, dereva ni shahidi, lakini wapi! Nikatembea na njaa hadi boma moja. Mama wa pale akanipa ugali na samaki, nikala mbele yake huku nikijisifu naye akicheka: "Mimi ndiye dume linalokuja kumwoa Auma, binti wa fundi cherehani."

Mama akaacha kucheka. "Auma ni wangu."

Unajua kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hiyo ni aibu ya kuvunja posa. Nikarudisha tonge.

"Maliza," akasema, akigeukia ukuta. "Wewe ni msafiri uliyeharibikiwa na gari. Mkwe wangu anakuja kesho, na mimi sijawahi kumwona."

Kesho yake nikafika upya, nikamsalimia kwa mbali. Auma huyo huyo anakusalimu.

Mpaka leo najiuliza: kama angenijua mapema, ningekula? Sasa yule mama uliyesema alikufunika na shuka lake pale uwanjani, ni nani? Ulimwuliza?

Ni mimi mjomba wako, mwinua malori,
Otieno