Msimwimbie Wawira Akifika

Kiwanjani, Isiolo

Kwako dada yangu Mama Njeru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Mko aje huko Embu? Mgongo wa mama unaendeleaje, na ile mvua uliyosema imelaza mahindi, iliwaachia kitu? Sisi miili ni mizima. Baba Wawira bado yuko na greda yake barabarani, anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, lakini chakula anakula. Mimi niko na cherehani yangu kama kawaida, na bila kujisifu, ukipita Isiolo mjini uone mtoto wa shule ambaye kola yake imelala sawasawa, usiulize nani aliishona.

Lakini moyo, dada, moyo si mzima. Shule zikifungwa binti yangu Wawira anakuja huko kwenu kukaa likizo yote. Amechagua kuja kwako, hakuchagua kuja kwangu. Na najua mtakavyompokea, kwa sababu ya ile barua niliyowaandikia mkaisoma kanisani, nikisema ripoti yake imewashinda walimu wote na maafisa wanakuja kumwona akifundisha. Uliniambia wamama walipiga vigelegele mpaka padri akangoja. Dada, niliyowaandikia hayakuwa kweli. Na uongo ni wangu, si wake. Kaa chini nikueleze yote, halafu nitakuomba jambo.

Unajua alipangiwa shule ndogo upande wa Biliqo, siku nzima juu ya lori. Wengine wakipelekwa huko hulia mpaka wahamishwe. Wangu hakulia. Mwaka jana ofisi ya elimu ikaleta mpango mpya wa kufundisha kusoma darasa la kwanza. Wewe na mimi tulisomaje? Mwalimu anasema “a”, darasa zima linapiga kelele “a”, anayekosea anachapwa. Mpango huu ulikataa hayo. Watoto wanakaa kwa vikundi, kila kikundi kina kadi za herufi na picha, wanafundishana wao kwa wao, mwalimu anazunguka akisikiliza. Walimu wachache walichaguliwa waujaribu kabla haujapelekwa kila mahali. Wakaambiwa kila Ijumaa waandike: nimefanya hivi, imefaa ama haikufaa, wiki ijayo nitabadilisha hivi. Mwishoni walete ripoti. Na huko ndani kote, aliyechaguliwa alikuwa nani? Wangu. Kwa mwandiko peke yake wangemchagua, maana hakuna mwandiko kama ule kutoka hapa mpaka Moyale.

Kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja mjini na daftari. Mimi nashona, yeye ameketi kwenye kiti cha wateja ananisomea. Dada, hizo ndizo zilikuwa saa zangu. Nilifika kuwajua watoto ambao sijawahi kuwaona, nikawa namuuliza, “Yule wa meno yaliyong'oka hajambo? Yule mkaidi bado anakataa kukaa na wasichana?”

Siku moja akanisomea: “Ijumaa. Wameshindwa tena. Kadi ya nanasi, kikundi chote wamesema ni nungunungu. Kadi ya gari moshi wamesema ni jongoo.” Tulicheka mpaka uzi ukakatika. Halafu nikamwambia, “Lakini haya ya kushindwa si utayaacha humu kwenye daftari? Kwenye ripoti utatia mazuri.”

“Mama, haya ndiyo ripoti yenyewe.”

“Ripoti ya kujichoma?”

“Anayepimwa si mimi, ni mpango. Mtoto hajaona nanasi tangu azaliwe. Nisiposema, watachapisha nanasi tena wapeleke shule zote.”

Nilisikia kwa masikio tu. Kwangu mimi, mtu akiandika ameshindwa, ameshindwa.

Kulikuwa na shida kubwa kuliko nanasi. Watoto wa huko, kiangazi kikija, nusu ya darasa wanaondoka na mifugo kwenda fora, ndiyo yale malisho ya mbali, wanakaa miezi. Wakirudi wamesahau kila kitu. Basi Wawira akawapa kadi waende nazo. Mbuzi wakazila! Akaandika hivyo hivyo, bila aibu: “Kadi zimeliwa na mbuzi.” Kisha akawaza, akaomba vipande vya ngozi kavu kwa wazazi, akachoma herufi juu yake kwa chuma cha moto, vile wao wanavyotia alama ng'ombe wao. Kwa picha akachora ngamia, kibuyu cha maziwa, mwiba, vitu vya kwao. Mtoto anafunga kamba, anavaa shingoni, anakwenda zake. Na waliporudi, dada, walikuwa wanasoma. Si wote. Aliandika ni nani alisoma, nani alisahau, na nani aliuza ngozi yake kwa binamu akapewa kisu.

Siku aliyonisomea hayo macho yake yalikuwa yanawaka. Na mimi mama yake nilisema nini? “Ngozi, Wawira? Watafikiri shule yako haina karatasi.” Akacheka tu. Laiti angejua.

Wakati wa kupeleka ripoti mvua ikakata barabara. Akanitumia daftari kwa landrova ya daktari wa mifugo, pamoja na karatasi moja tupu yenye sahihi yake chini, ili mwisho wa ripoti upigwe taipu juu ya sahihi. Akaandika: “Mama, mpe Halima apige kama ilivyo, bila majina, kisha ripoti uipeleke ofisini.” Kama ilivyo. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi tangu hapo.

Halima ni binti Msomali anayepiga taipu karibu na posta. Nilivuta kiti nikakaa kando yake. Alipofika kwenye “wameshindwa” nikamwambia, “Hapo weka wamefaulu.”

“Mama Wawira, hapa imeandikwa wameshindwa.”

“Nani amemzaa mwalimu, mimi ama wewe?”

“Wallahi, wewe. Lakini daftari ni lake.”

“Piga, binti yangu. Wewe bado hujazaa, utakuja kuelewa.”

Akapiga. Nungunungu na jongoo tukaruka. Mbuzi tukaruka. Ngozi zote, dada, kurasa na kurasa, nikasema ruka. Mahali pao nikamwambia aandike kwamba watoto wanasoma kadi zote za ofisi kama maji, na hakuna kinachohitaji kubadilishwa. Nikabeba mwenyewe mpaka ofisini, nimevaa kitambaa changu cha Pasaka.

Ofisi ilifurahi sana. Ikaamua kwenda shuleni kwake na walimu wa shule nyingine waone, na siku niliyosikia hivyo nikawaandikia ninyi. Nami nikaomba nafasi juu ya lori, nikabeba chapati kikapu kizima, maana nilijua nakwenda kuona heshima ya mtoto wangu kwa macho yangu.

Afisa alikuwa mtu mpole wa miwani. Akatoa kadi mpya za ofisi, akamwita msichana mmoja mbele. Akamwonyesha nanasi. Kimya. Gari moshi. Kimya. Mtoto akamtazama Wawira, halafu kwa sauti ndogo akasema ni jongoo, na wenzake wakacheka. Wawira akasema, “Bwana, kama nilivyoandika, hizo picha hawazijui. Waonyeshe za kwao.” Watoto wakaanza kutoa ngozi kifuani. Afisa akafungua ripoti.

“Uliandika wapi, mwalimu? Hapa umesema kadi zote wanasoma kama maji. Na hizi ngozi ni za nini? Umebadilisha mpango bila kutuambia, halafu ukatuandikia uongo?”

Akampa zile karatasi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chapati. Niliona alivyosoma. Mstari wa kwanza, wa pili. Kisha akainua uso, akanitazama mimi. “Kama maji” ni neno langu, dada, hata wewe unalijua, ni neno ninalosema siku nzima. Nilingoja aseme.

Akamrudishia afisa karatasi akasema, “Sahihi ni yangu, bwana. Ni mimi.”

Na mimi sikufungua mdomo. Mimi ambaye Kiwanjani wananiita redio. Wageni wakaondoka bila kugusa chapati.

Baadaye nilimuuliza, “Kwa nini hukusema?” Akasema, “Niseme mbele ya wazazi wa watoto hawa kwamba mama yangu amefanya nini?” Hakupaza sauti. Alikuwa anakusanya zile ngozi moja moja, anazipangusa vumbi.

Wakamtoa kwenye mpango. Barua ikaja kwamba mwakani atahamishwa, na kwenye faili lake imeandikwa si mwaminifu. Mtoto ambaye aliandika hata makosa ya mbuzi! Halafu nikasikia kadi zimekwisha kuchapishwa kwa shule zote, na nanasi lake.

Hapo sikuweza kukaa. Nikachukua daftari, nikaenda ofisini, nikamwambia yule afisa kila kitu, na Halima kwa hiari yake akaja akasimama kando yangu. Mwanzoni afisa alisema, “Mama, kila mwalimu akikosa, mzazi huja na hadithi.” Nikaweka daftari mezani. Akasoma amesimama. Akaketi. Akafika kwenye ngozi, akavua miwani.

“Mama,” akasema, “hii ndiyo tulikuwa tunaitafuta.”

“Basi mrudishe.”

“Uamuzi umetoka juu yangu. Nitaandika barua, lakini siwezi kukuahidi.” Na daftari akabaki nalo, akasema ni ushahidi. Nikatoka nikiwa nimepona kidogo, nikafikiri nimemletea mtoto wangu habari njema.

Alipokuja mjini nilimwambia hata kabla hajatua mzigo. Akaniuliza, “Daftari langu liko wapi?”

“Liko salama, liko kwa afisa.”

“Umempa?”

“Nimempa ili akuamini.”

Akakaa chini kwenye kiti cha wateja. “Mle mna majina ya watoto, mama. Na nani alitoroka shule, na baba gani alikataa binti yake asome. Niliwaambia wazazi ofisi haitaliona daftari, itapata ripoti isiyo na jina la mtu.” Kisha akasema, “Hata kuniokoa hukuniuliza.”

Dada, mara mbili nimechukua kitu chake mikononi nikakifanya changu, mara ya kwanza kwa kiburi na ya pili kwa mapenzi, na yeye ameumia sawasawa.

Usifikiri amenikosea adabu. Anakuja mwisho wa mwezi kama zamani. Ananisalimu, ananichotea maji, anamuuliza baba yake habari ya greda. Nikimuuliza, “Watoto hawajambo?” anasema, “Hawajambo, mama.” Basi. Yule wa meno sijui kama ameota mengine. Nashona, cherehani inalia peke yake.

Sasa ombi langu. Mlisoma ile barua yangu kanisani; nakuomba usome na hii, yote, hata pale mnapoona aibu kunisikia. Wamama wasimwimbie akishuka kwenye basi. Msimwambie hongera ya ripoti, maana kila hongera itakuwa kama ninamfanyia tena. Mpe chai, mwache apumzike. Halafu siku mkiwa mnachambua maharagwe, muulize habari ya watoto walioshindwa. Muulize pole pole, usimsahihishe, wala usimwambie angefanya hivi. Nafikiri wewe atakuambia. Ukisikia jambo la kuchekesha, cheka. Lakini usiniandikie aliyokuambia mpaka yeye mwenyewe akubali. Muulize kwanza.

Mpe mama salamu zangu, mwambie nimemshonea gauni la mikono mirefu. Msalimie shemeji yangu, bwana yako, na Njeru mwanao na mke wake mpya ambaye bado sijamwona. Msalimie shangazi yetu, yule aliyepiga vigelegele kuliko wote. Mwambie sikumdanganya kwa ubaya. Na padri mwambie nitakuja kuungama, asishangae nikichukua muda.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, niliye na mtoto mzuri nisiyestahili kumsifu leo,

Tabitha, Mama Wawira